Kabla ya kuwapeleka wanafunzi kwa mgonjwa wa mchochota wa ghafla wa kongosho

Mwalimu anayejiandaa kuwafundisha wodini wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Dodoma aanze kwa kumwomba mgonjwa ridhaa, na ahakikishe kwamba amepewa dawa ya maumivu ya kutosha, hata ya jamii ya mofini ikihitajika. Si haki mtu anayejikunja kwa maumivu abonyezwe tumbo na kundi zima la wanafunzi, wala hakuna elimu wanayoipata hapo.

Vigezo vya utambuzi wavijue kabla ya kufika kitandani. Kati ya mambo matatu, yaani maumivu ya chembe ya moyo ambayo aghalabu hupenya hadi mgongoni, lipesi au amilesi (vimeng'enya vya kongosho vinavyopimwa kwenye damu) iliyofika angalau mara tatu ya kikomo cha juu cha kawaida, na mabadiliko ya kongosho kwenye picha, mawili yanatosha. Kwa mazingira yetu ningesisitiza sana swali la siku ambayo maumivu yalianza. Mgonjwa aliyetoka Kondoa au Mpwapwa huenda amekwisha kunywa dawa za vidonda vya tumbo kwa siku kadhaa kabla ya kupewa rufaa. Na kwa kuwa amilesi hushuka ndani ya siku chache, ilhali lipesi hukawia kushuka, amilesi ya kawaida siku ya tano haithibitishi kwamba kongosho ni salama.

Kuhusu chanzo, wanafunzi wazuiwe kuishia kwenye pombe pindi tu mgonjwa anapokiri kwamba anakunywa. Kila mgonjwa afanyiwe altrasaundi kutafuta mawe ya nyongo, ambayo hata kijana mwenye selimundu anaweza kuwa nayo, kisha waulize dawa anazotumia na kupima kalsiamu na mafuta ya damu aina ya trigliseridi. Picha ya CT haina haraka siku ya kwanza ikiwa utambuzi hauna shaka.

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi ni maji ya mishipani, kwa sababu hapo ndipo mkono wa daktari unapoweza kuokoa au kudhuru. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba maji yamiminwe kwa wingi, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kufanya hivyo kuliongeza wagonjwa waliozidiwa na maji mwilini bila kupunguza ukali wa ugonjwa. Hesabu ifanywe ubaoni mapema: mgonjwa wa kilo 60 aliyepungukiwa maji hupewa dripu ya Ringer, yaani maji yenye chumvichumvi, mililita 10 kwa kila kilo, yaani mililita 600 ndani ya saa mbili, kisha mililita 1.5 kwa kilo kwa saa, ambazo ni mililita 90. Pasipo na mashine ya kupimia dripu, na mpira ukiwa wa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 30 kwa dakika. Basi kila mwanafunzi ashike saa yake na kuyahesabu. Mkojo nao upimwe, ukitarajiwa kufika angalau mililita 30 kwa saa, na mapafu yasikilizwe kila dripu inapobadilishwa.

Ukali wa ugonjwa hauamuliwi kwa kipimo kimoja cha asubuhi, wala kwa wingi wa lipesi. Mapafu, figo au mzunguko wa damu ukishindwa kwa zaidi ya saa 48, ugonjwa ni mkali; kwa hiyo ratiba ya mafunzo ipangwe ili kundi lilelile limrudie mgonjwa jioni na kesho yake, lilinganishe pumzi, mapigo ya moyo, yurea (kipimo cha damu cha figo) na hali ya fahamu.

Antibayotiki haziandikwi kwa kinga tu. Chakula kianze mapema, ndani ya saa 24 mgonjwa akiweza, hata uji mwepesi.

Mwisho, mwalimu azungumze mapema na wenzake wa upasuaji. Mgonjwa wa mawe ya nyongo ambaye ugonjwa wake ni mwepesi anatakiwa kuondolewa kifuko cha nyongo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na wanafunzi wasikie kutoka kwa daktari wa upasuaji mwenyewe ni lini atapangiwa, maana akirejea kijijini bila upasuaji huo shambulio jingine linaweza kumkuta mbali na hospitali.