Vidonge vya damu usimezee chai: jinsi ya kuchagua na kutumia

Jamani sisi wa huku juu Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Tukuyu na wenzetu wa Mufindi, chai ndo maji yetu, baridi la mwezi wa sita likikukuta kikombe hakitoki mkononi, na majani yenyewe yanalimwa hapo hapo. Sasa mimi mimba ya pili kliniki walinipima wingi wa damu ikaja 9.1 (gramu kwa desilita), nikapewa FEFO, vile vidonge vya damu vyenye madini ya chuma na foliki, nikawa nameza kila asubuhi na chai ya maziwa na chapati, sijaruka hata siku moja, narudi baada ya mwezi damu 9.3! Nesi akauliza swali moja tu, "unamezea nini?" Nikamwambia chai. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kumbe chai inazuia chuma kuingia mwilini.

Tuanze mwanzo. Usikimbilie duka la dawa kisa umechoka, kapime kwanza wingi wa damu, ni tone tu la kidole. Mjamzito akiwa chini ya 11 damu imepungua, mwanamke asiye na mimba chini ya 12, mwanaume chini ya 13. Ila hapa kuna kitu, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na mwili ukikaa juu hivi unatengeneza damu nyingi kidogo kufidia hewa, kwahiyo 12 ya Mbeya sio sawa na 12 ya Kyela kule chini, namba yako ikiwa imevuka hizo kidogo tu usijipongeze haraka, mwambie daktari. Na muulize damu inaenda wapi: hedhi nzito? minyoo? malaria uliyotoka nayo Kyela? Mwanaume au mzee akikutwa na damu chache ndo kabisa atafutiwe sababu, inawezekana anavuja ndani. Mwenye selimundu (sikoseli) asianze vidonge vya chuma kwa kushauriwa na jirani, damu yake inaweza kupungua huku chuma anacho cha kutosha.

Kwenye kuchagua, soma boksi. Namba kubwa ya mbele ni uzito wa dawa nzima, sio chuma chenyewe. Ferrous sulphate ya 200 mg ina chuma kama 65 mg, ferrous fumarate ya 200 mg karibu hivo hivo, ferrous gluconate ya 300 mg ina kama 35 tu. Hiyo ya mwisho watu wanasema ni laini tumboni, ni kweli kwa sababu chuma chake ni kidogo, sio uchawi. Mjamzito anatakiwa apate 30 mpaka 60 mg za chuma kwa siku pamoja na foliki, na FEFO ya kliniki inafika hapo, kwahiyo sioni sababu ya kununua chupa ya bei mbaya kisa ina picha ya mama anacheka. Juisi ya bitiruti kunywa ukipenda, ni chakula, ila chuma chake ni kidogo, haitoshi kuwa dawa.

Kumeza sasa. Tumbo likiwa tupu ndo kinaingia vizuri, saa moja kabla ya kula au masaa mawili baada ya kula, na maji, ukipata chungwa au pera bora zaidi. Chai, kahawa na maziwa viweke mbali, angalau saa moja mpaka mawili. Mimi nilihamishia saa tatu usiku, na chungwa langu la soko la Mwanjelwa, mwezi uliofuata nikasoma 10.6. Kikikutibua meza na chakula kidogo, bora kiingie nusu kuliko ukiache. Umesahau? Usimeze viwili kufidia. Na damu ikishapanda usiache siku hiyo hiyo, kwa kawaida wanakwambia uendelee kama miezi mitatu, ili akiba ijae.

Kama una dawa zingine sema. Anayetumia ARV zenye dolutegravir, ameze hiyo masaa mawili kabla ya chuma au masaa sita baada, au ameze vyote viwili pamoja na chakula, lakini asimeze vyote tumbo tupu. Doxycycline, cipro, dawa za tezi na za kiungulia nazo zinagombana na chuma, muulize mfamasia akupangie masaa.

Choo kitakuwa cheusi, usishtuke, mie nilidhani nakufa. Kikiwa cheusi cha kunata kama lami na kinanuka vibaya, hapo nenda hospitali. Choo kigumu: maji mengi, parachichi, papai. Dawa ya maji ya watoto inachafua meno, mpe kwa bomba nyuma ya ulimi na asukutue.

Na hao watoto ndo wa kuchunga kweli, vidonge vingi ni vyekundu na vimepakwa sukari, mtoto anaona pipi, na vichache tu vinaweza kuua. Usiache kwenye mkoba wala juu ya friji dogo, weka juu kabatini na ufunge. Akimeza, beba pakiti mkimbilie hospitali hata kama ni usiku, na akitapika halafu akaonekana amechangamka anacheza, bado mpeleke, sumu ya chuma inatulia masaa kadhaa halafu inarudi na nguvu.