Peni ya Mwingereza haimo mfukoni

Wiki yangu ya pili kazini, kwenye nyumba ya wazee kusini mwa Uingereza, bibi mmoja wa miaka tisini na kitu alinishika mkono akaninong'oneza: "I need to spend a penny, dear." Nikajua anataka kununua kitu. Nikamletea pochi yake, akaisukuma. Nikaifungua, nikamwonyesha sarafu moja moja, huenda nimempa isiyo sahihi. Mwenzangu alipopita na kusikia, kiti kilikuwa kimeshalowa na bibi wa watu amegeuzia uso dirishani.

Alikuwa anaomba kupelekwa msalani. Zamani vyoo vya umma huku vilikuwa na kitasa kinachofunguka kwa kutumbukiza peni ("penny") moja, sarafu ndogo ya huku, na hata vile vya maonyesho makubwa ya Hyde Park, London, mwaka 1851 vilitoza hiyohiyo. Bei ilipanda, msemo ukabaki. Usiwacheke. Konda wa basi la mikoani akitangaza kwamba tunasimama watu wachimbe dawa, mgeni naye angeuliza jembe liko wapi.

Vijana hawausemi sana huo. Lakini kama kazi iliyokupokea ni ya kuhudumia wazee, kama ilivyotupokea wengi wetu, ukariri kabla ya mingine yote.

Wazee hao walikulia kwenye hesabu nyingine. Hadi tarehe 15 Februari 1971 pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12. Shilingi yetu ilianzia kwao; wao wameiacha, sisi bado tunayo. Kwa hiyo babu akikusimulia kwamba tiketi ya sinema ilikuwa "two bob", ni shilingi mbili hizo. Ukimwambia kwenu mnatumia shilingi mpaka leo, umepata rafiki.

Kwenye mikutano ya kazini peni inageuka kuwa maoni. Bosi akisema "I'll put in my two penn'orth", usidhani kuna mchango unaanza kupitishwa kama kwenye vikao vyetu vya harusi; anataka tu kutoa lake la moyoni. Marekani wanasema "my two cents". Na ukieleweshwa jambo mara tatu, ya nne ukasema "aah, kumbe!", watasema "the penny's dropped". Picha ni ya mashine ya sarafu: unatia peni, inakwama, halafu inadondoka na mashine inaanza kazi. Si tusi, ingawa mara ya kwanza nilinuna.

Mingine ina ndugu zake kwetu. "In for a penny, in for a pound" ni yale maji uliyoyavulia nguo, sharti uyaoge. Vitu vilivyo "ten a penny" ni vya kumwaga, vimejaa kila kona. Mtu "tight" ana mkono wa birika, na aliye "skint" amefulia. Kitu kilicho-"cost a bomb" ni ghali mno, basi. Huo usiujaribu ukiwa uwanja wa ndege.

Kwenye bei, "quid" ni pauni, na haiongezwi s hata zikiwa elfu: ni "ten quid", si "ten quids". Noti ya kumi ni "tenner", ya tano "fiver", na "a grand" ni elfu moja. Ukitajiwa gari la "two grand", jiandae kwa pauni 2,000.

Halafu kuna "a bit rich", isiyo na utajiri wowote ndani yake. Anayechelewa kila siku akikusema wewe kwa kuchelewa, Mwingereza atanong'ona "that's a bit rich": nyani haoni kundule. Nimeusikia mara nyingi chumba cha chai. Mbele ya msimamizi bado sijathubutu kuutumia.