Rangi mpya ya gari ikivimba, usimrudie fundi mikono mitupu
Ndugu zangu wa Tanga, gari yangu ilipigwa rangi upya gereji moja huku Ngamiani. Wiki ya tatu mlango wa dereva ukatoa vipele; ukiupapasa, kama ngozi ya mtoto mwenye harara. Fundi akasema ni jua.

Usikubali airudie papo hapo! Akishapiga msasa, ushahidi umekwisha. Piga picha asubuhi, jua likipiga kwa ubavu, tunza risiti, kisha mpelekee fundi rangi mwingine asiyefahamiana naye. Mlipe ukaguzi tu, na mwambie mapema kwamba kazi ya kurudia hutampa, asije akaponda ili aipate. Mwenye kipimo cha unene wa rangi ndiye bora: rangi ya kiwandani huwa kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ikisoma mamia mengi zaidi, chini kuna puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi. Huna kipimo, chukua sumaku ndogo uifunge kitambaa. Bati la chuma likigoma kuishika, pana puti nene.

Kipele changu kimoja kilipopasuliwa kilitoa maji. Prima, ile rangi ya kwanza ya chini, ilipigwa bati halijakauka, na hewa yetu ya pwani mnaijua. Maoni yake huyo mkaguzi ayaandike, atie sahihi na tarehe. Ndiyo niliyorudi nayo, mlango ukapigwa upya bila kunidai hata shilingi.