Somo: Hela ya kwanza ya mtoto, kwa tuta moja la mchicha

Somo hili ni la mtoto wa miaka 7 hadi 10. Mchicha unafaa kwa sababu hukatwa ndani ya wiki nne, mnunuzi wa kwanza yuko jikoni, na mtoto hatoki nje ya geti. Bei ni za mfano, weka za sokoni kwako.

1. Mtaji. Mkopeshe shilingi 1,500: mbegu 1,000, ndoo ya samadi iliyooza 500. Aandike mwenyewe kwenye daftari: tarehe, kiasi, kakopa kwa nani. Ukimpa bure, mavuno yote atayaona faida.

2. Tuta. Mita 1 kwa 2. Mbegu ni ndogo mno, hivyo achanganye kijiko kimoja cha chai na vikombe viwili vya mchanga mkavu, la sivyo zinamwagika sehemu moja na miche inasongana. Mistari iachane sentimita 20. Afukie sentimita moja tu. Ikizama zaidi haioti. Maji asubuhi na jioni. Mkifuga kuku, zungushia wavu siku hiyohiyo.

3. Mauzo. Akate, asing'oe. Shina likibaki sentimita 10 hadi 15 linachipua, na baada ya siku 10 hadi 14 anakata tena. Mama anunue kwa bei ya sokoni, na fungu liwe na ukubwa wa sokoni. Fungu likiwa dogo, alikatae! Tuseme mafungu 10 kwa 300, ni 3,000. Mlipe kwa sarafu za 100 na 200, maana noti ya 2,000 haigawanyiki.

4. Kugawa. Kwanza deni: 1,500 zirudi mkononi mwako, akate mstari kwenye daftari. Zinabaki 1,500: akiba 800, matumizi 500, sadaka 200. Tumia makopo matatu yanayoonyesha ndani.

5. Lengo. Kitu cha karibu, mfano kalamu za rangi za 2,400. Chora vyumba 12, kila kimoja 200, apake rangi kila anapoweka. Mavuno ya pili hayana deni, kwa hiyo akiba inapanda haraka. Baiskeli iache kwanza. Kwa mtoto wa miaka 7, miezi sita haifiki.

6. Kutumia. Nenda naye dukani kwa Mangi na 500 yake. Achague, alipe, ahesabu chenji kabla hajabanduka dirishani. Akimaliza pipi njiani na kulilia nyingine, usiongeze hata mia. Wazazi wengi wanaliharibu somo hapa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, wangu ana miaka minne. Nianze?
Anza na sarafu tu. Weka tano za 100 upande huu, moja ya 500 upande ule, umuulize wapi kuna hela nyingi. Wengi wa umri huo huchagua zile tano. Faida na deni vingoje.

Nilikuwa namlipa akiosha vyombo. Sasa hata sahani yake haitoi bila mia mbili.
Acha kulipa leo, na umweleze sababu: vyombo ni vya wote wanaokula. Lipia kazi ambayo ungemwita mtu wa nje aifanye, kama kupalilia ua au kuosha gari. Atanuna siku kadhaa.

Akizoea mchicha, nimpe sinia la karanga azungushe mtaani?
Hapana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka awe na miaka 14 ndipo afanye kazi. Na mtaani watu wazima wanamdhulumu chenji.

Nilichukua akiba yake nikalipa umeme. Hajajua.
Mwambie kabla hajafungua kopo. Andika kwenye daftari lake tarehe ya kurudisha, na uirudishe siku hiyo. Mtoto akiibiwa akiba mara moja, inayofuata ataitumia yote siku ileile.

Kibubu cha mbao kina ubaya gani?
Kwa mtu mzima hakina. Mtoto haoni hela inavyopanda, hamu inaisha. Tena noti hukaa humo miaka zikasahaulika: noti ya karatasi ya 500 na matoleo ya 1985 hadi 2003, Benki Kuu ilizibadilisha kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 tu. Kama kipo, kivunjeni kila baada ya miezi mitatu.