Umeme ukikatika mashine ya gemu isife: funga memori kadi isiandikwe

Wenye mashine ya magemu ya Raspberry Pi (kompyuta ndogo inayowaka kwa memori kadi) nyumbani, hasa huku kwetu Tanga umeme unaweza kwenda watoto wamejazana mbele ya skrini: ukishamaliza kuseti kila kitu fungua terminal (dirisha la kuandika amri), andika sudo raspi-config, ingia Performance Options, washa Overlay File System, kisha riboti. Kuanzia hapo Linux, mfumo unaoendesha mashine, inaisoma tu kadi, chochote inachotaka kuandika kinaenda kwenye RAM na kinapotea ikizimwa, kwa hiyo hata mtu akichomoa waya ukutani hakuna faili la mfumo linalokatwa katikati, inawaka vilevile ulivyoiacha. Ubaya wake ndo huohuo, skoa na sevu zinafutika zote, kwa hiyo kabla hujawasha overlay chomeka flashi, iweke kwenye fstab (faili la /etc/fstab linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine ikiwaka) na neno nofail (bila hilo flashi ikichomolewa mashine inaweza kugoma kuwaka), halafu kwenye RetroArch, programu inayoendesha magemu, elekeza sevu huko. Matoleo mengine ya mfumo overlay inaifunika hata flashi iliyo kwenye fstab, kwa hiyo sevu, riboti, uone kama imebaki. Flashi ikiwa inaandikwa nayo isiaminiwe sana, kopi sevu pembeni mara mojamoja. Ukitaka kuapdeti au kuongeza gemu kwenye kadi zima overlay kwanza, riboti, fanya kazi yako, ndo uwashe tena.