Kabla ya kupanda Mlima Kenya, jua kwanza unaenda kilele gani

Mtu akikwambia amepanda Mlima Kenya, muulize kilele gani. Mlima huu una vilele vitatu vinavyotajwa kila siku: Batian (mita 5,199), Nelion (mita 5,188) na Lenana (mita 4,985). Kati ya Batian na Lenana ni mita 214 tu, lakini ukianza kupanga utaona hizo ni safari mbili zisizofanana hata kidogo. Lenana unafika kwa miguu, mradi una pumzi, nguo za baridi na siku za kutosha. Batian na Nelion ni miamba iliyosimama wima, ya watu waliofunzwa kupanda kwa kamba. Karibu picha zote za bendera unazoziona mitandaoni zimepigwa Lenana, na hilo halina aibu yoyote. Ila kubaliana na kampuni ya safari mapema. Wakisema "mpaka kileleni" wanamaanisha Lenana, na wapo wageni ambao hugundua hilo wakiwa wameshafika kambi ya Shipton, wakitazama ule mnara wa mawe juu yao.

Mnara huo ndio moyo wa volkano yenyewe. Mlima Kenya uliacha kulipuka zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, kisha barafu ikaumega taratibu mpaka kreta ikatoweka. Kilichobaki katikati ni mwamba mgumu ulioganda ndani ya koo la volkano. Huo ndio Batian na Nelion. Kwa hiyo usitarajie kutembea kwenye ukingo wa kreta kama kule Kibo, Kilimanjaro. Kutoka kwenye mwamba huo mabonde yanatawanyika pande zote kama njiti za mwavuli, na hapo ndipo watu hupotelea. Ukungu ukishuka nawe ukaingia bonde lisilo lako, kila hatua inakupeleka mbali zaidi na watu wako, na unaweza kutokea kaunti nyingine kabisa.

Majina nayo yanahitaji kusomwa kabla, maana yamepachikwa na watu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali. Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika Batian mwaka 1899 pamoja na waongozaji wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, alivipa vilele vikuu majina ya maloiboni, yaani viongozi wa kiroho, wa Kimaasai: Mbatian, ndugu yake Nelion, na mwanawe Lenana. Mwana mwingine, Sendeyo, ana kilele chake upande wa kaskazini mashariki, kimejitenga. Anayejua jinsi Lenana na Sendeyo walivyogombania urithi wa baba yao atatabasamu akikiona. Ollier na Brocherel nao waliachiwa mito ya barafu, Cesar na Josef. Wakikuyu, Waembu na Wameru, ambao mashamba yao ndiyo yanayouzunguka mlima, hawakuambulia kitu pale juu, japo mlima wenyewe walikuwa wameshauita jina lao zamani. Kwa Wakikuyu ni Kirinyaga, makao ya Ngai, na wapo wazee wanaoomba wakiuelekea hadi leo. Ukikutana nao huko chini kwenye msitu, pita kwa adabu na usipige picha bila ruhusa. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliuona mwaka 1849 akiwa Ukambani, Kitui, akaandika jina alilolisikia huko, na mwaka 1920 koloni zima likaitwa Kenya kwa jina hilo.

Kirinyaga pia ni kaunti. Ukipanda matatu ya Kerugoya kwa sababu umesikia mlima unaitwa Kirinyaga, hutaliona geti la Sirimon, lililo upande wa Nanyuki, siku hiyo.

Mtego mkubwa zaidi wa majina uko juu. Kambi ya Mackinder haiko Bonde la Mackinder. Iko Bonde la Teleki, upande wa magharibi, na utaifikia ukipitia Naro Moru. Bonde la Mackinder liko kaskazini, na kambi iliyo ndani yake ni ya Shipton, kwenye njia ya Sirimon. Zote mbili ziko kwenye kimo cha kama mita 4,200, na katikati yao umesimama mwamba wenyewe. Sasa fikiria mwenzako anakupigia simu Nanyuki, mtandao unakatika, anasema "tukutane Mackinder". Kambi au bonde? Andika kwenye karatasi jina la geti, jina la bonde na jina la kambi ya kila usiku, karatasi moja ibaki kwako na nyingine kwa mtu aliye nyumbani.

Njia zinazotumika sana ni tatu. Sirimon, ambayo geti lake liko upande wa Nanyuki ukielekea Timau, ni kavu na inapanda taratibu. Naro Moru ni fupi, ila ina mteremko wa kinamasi juu ya kituo cha Met (kituo cha hali ya hewa) ambako matope yanaweza kukushika mguu mpaka goti, na ufupi wake ndio hatari yake, kwa sababu unakufikisha juu kabla mwili haujajua umeenda wapi. Chogoria, upande wa mashariki, ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho: Ziwa Michaelson limelala chini ya genge, kuta za bonde zinashuka moja kwa moja. Wengi hupanda kwa Sirimon na kushuka Chogoria, na kwa maoni yangu huo ndio mpango bora, kama una siku tano. Ukiambiwa siku tatu zinatosha, uliza zinamtosha nani.

Hapo kwenye siku ndipo pa kutumia pesa. Pale Lenana hewa ina oksijeni kama nusu tu ya ile ya pwani. Kijana wa Mombasa anayecheza mpira kila jioni hana kinga yoyote dhidi ya hilo, na mara nyingi yeye ndiye anayeumia, kwa kuwa anaenda mbio. Ushauri wa kawaida ni kwamba ukishapita mita 3,000, kimo unacholala kisipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku mmoja. Sasa tazama ratiba ya kawaida ya Sirimon: kambi ya Old Moses, mita 3,300, kisha Shipton, mita 4,200. Hizo ni mita 900 kwa siku. Omba usiku wa pili Old Moses au Shipton, na mchana upande kidogo halafu urudi kulala chini. Kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula ni onyo la kusimama hapo hapo. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, au akahema akiwa amekaa tu na kikohozi kina mapovu, anashushwa saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane na hata kama yeye mwenyewe anabisha. Kubisha ni sehemu ya ugonjwa.

Majira nayo yana jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mstari wa ikweta unapita karibu tu kaskazini mwa mlima, kwa hiyo jua huhama upande. Kuanzia Juni hadi Oktoba linapiga uso wa kaskazini, na huo ndio wakati wa kupanda Batian kwa upande huo. Desemba hadi Machi linapiga kusini, na hapo njia ya Nelion ndiyo inayokauka. Upande ulio kivulini hubaki na barafu kwenye nyufa. Kwa anayeenda Lenana hilo si la maana sana, kwake cha kuepuka ni mvua tu: masika kuanzia katikati ya Machi hadi Juni, na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Januari, Februari, Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kupanga.

Ramani za zamani zitakuonyesha barafu pasipo na barafu. Mto wa barafu wa Gregory umetoweka. Lewis, uliokuwa mkubwa kuliko wote, umekatika vipande viwili na unazidi kujikunja. Mahali ambapo vitabu vya zamani vinakuambia uvuke theluji ngumu, leo unakuta kokoto na mawe yanayoteleza, na mawe hayo wakati mwingine ni mabaya kuliko barafu. Muulize mwongozaji aliyepanda msimu huu, usitegemee maelezo ya mwaka 1990.

Mchana unaweza kutembea na fulana, na saa nane usiku, wakati wa kuondoka Shipton, maji kwenye chupa yanaganda. Mfuko wa kulalia uwe wa baridi kali kweli, si ule wa kukodi uliobonyea. Glavu mbili, nyepesi ndani na za mvua juu. Kofia ya mavini (ya sufu), tochi ya kichwani na betri za akiba zilale nawe ndani ya mfuko, kwa kuwa baridi hunyonya betri. Safari inaanza usiku kwa sababu mlima huwa wazi alfajiri, na ikifika saa nne mawingu yameshapanda. Karibu na ncha ya Lenana kuna vyuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba vya kushika na kukanyagia, na vyuma hivyo asubuhi ni baridi mno kwa mikono mitupu. Chakula kifunge vizuri. Pimbi wa kambi ya Mackinder wameshazoea watu na hawaogopi kuingia hemani.

Chupa za maji za plastiki za kutupa hazikubaliwi ndani ya mbuga tangu Juni 2020, kwa hiyo nunua ya kudumu ukiwa bado mjini. Kiingilio cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kinalipwa kielektroniki, na viwango hubadilika, vihakikishe wiki ile ile. Usiende peke yako bila mwongozaji, utarudishwa getini. Na ukishuka, hasa kama umeingilia Sirimon ukatokea Chogoria, hakikisha jina lako limeandikwa kuwa umetoka, maana jina lililobaki kwenye daftari linaweza kuwafanya askari waanze kumtafuta mtu ambaye yuko Chuka anakula chapati.