Kusanifu Menyu ya Simu kwa Kadi na Kalamu

Anayetaka kujifunza usanifu wa violesura, yaani pale mtu na kompyuta wanapokutana, ningemshauri aanze na kitu kisicho na rangi wala picha: menyu ya kununua umeme wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia nchini Tanzania, kwa simu ya kitochi. Hapo maneno peke yake ndiyo yanayobeba kazi yote, na kosa la msanifu halina pa kujificha.

Hatua ya kwanza, mtazame mtu mmoja akinunua umeme kama alivyozoea. Angalia namba ya mita ameiandika wapi, na ni mara ngapi anainua macho kutoka kwenye simu ili aisome.

Hatua ya pili, andika kila skrini kwenye kadi yake. Ujumbe mmoja wa USSD, yaani menyu inayofunguka ukipiga namba yenye nyota na reli, haubebi zaidi ya herufi 182, nafasi zikiwamo, kwa hiyo zihesabu.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi. Mkalishe mtu mbele ya kadi, mwambie anunue umeme wa shilingi 5,000 huku akisema kwa sauti anachowaza, kisha wewe uwe kompyuta: akitaja namba anayobonyeza, unamwekea kadi inayofuata bila kumweleza lolote. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kuandika kadi zenyewe. Katika jaribio langu la kwanza niliandika "Weka namba ya kumbukumbu". Mama mmoja akatoa risiti ya zamani kwenye pochi, akaanza kunisomea tokeni, yaani namba ya kuingiza umeme kwenye mita, tarakimu zote 20, ilhali nilichotaka ni namba ya mita, yenye tarakimu 11. Kosa lilikuwa langu. Kadi ikawa "Weka namba ya mita (tarakimu 11)", na waliofuata hawakusita.

Watu watano wanatosha kwa awamu moja. Watafiti wa violesura Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba kadiri wajaribu wanavyoongezeka, ndivyo matatizo mapya yanavyopungua. Afadhali urekebishe, ndipo uwaite wengine.

Hatua ya nne ni kadi ya uthibitisho, ambayo hutangulia namba ya siri: ionyeshe namba ya mita, jina la mwenye mita, kiasi, na njia ya kurudi nyuma, kwa kuwa tokeni iliyotolewa kwa mita ya jirani haiingii kwenye mita yako hata ukiirudia mara kumi.

Programu yenyewe uianze pale watu wawili mfululizo watakapomaliza kadi zote bila kukwama.